Ufa wa Tangi la Mamboleo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Mwenyekiti wa Karakana hii ya Waashi, Mchungaji wetu, Sheikh Yahya, wageni waalikwa, wazazi, mafundi, na ninyi vijana thelathini na mmoja mnaokabidhiwa mwiko na timazi leo: nawasalimu nyote.

Mniwie radhi nikizungumza nimekaa. Daktari ameniambia nisihesabu miaka tena, nihesabu miezi, na moyo wangu unamuunga mkono kila nikipanda ngazi. Lakini usiku wa jana nililala vizuri, na leo nimemaliza uji wote. Binti yangu Perez, huyu aliyebeba dawa zangu, ni shahidi. Mtu anayekwenda kutua mzigo hata hatua zake huwa nyepesi.

Mwenyekiti aliponialika alisema, "Mzee, tuelezee habari za tangi lile la maji pale juu Mamboleo, hakuna alijuaye kuliko wewe, Mhandisi Zadock Obiero." Ni kweli. Na hiyo ndiyo shida yangu ya miaka kumi na miwili.

Tulilijenga mwaka wa 1984, na leo ni 1996. Mimi nilikuwa mhandisi mkaguzi katika kampuni ndogo ambayo leo haipo, na nyapara wa waashi alikuwa Fundi Wakhisi. Zege halikauki kama matope, vijana wangu; linakomaa, na linakomaa kwa maji. Ndiyo maana Wakhisi alizifunika kuta zote kwa magunia, na Mama Seline, mchota maji wetu, na wenzake wakayamwagilia maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Tulikubaliana iwe siku kumi na nne. Siku ya tano nikaambiwa wageni wakubwa watapita kukagua kazi. Nikaona haya. Wageni wa heshima waonyeshwe tangi lililovaa magunia? Nikaamuru yavuliwe na ukuta upakwe chokaa.

Wakhisi alisimama mbele yangu na mwiko wake mkononi. "Bwana Mhandisi, hili tangi ni kama mama aliyejifungua juzi. Unamnyang'anya blanketi ili apigwe picha?"

Mama Seline naye akadakia, ndoo kichwani: "Kwani hao wageni watakunywa chokaa ama maji?"

Mafundi wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa na digrii, wao walikuwa na ndoo, nani angenibishia?

Magunia yakavuliwa, wageni wakaja, wakausifu weupe wa ukuta, wakaenda zao. Jua la Kisumu lilibaki. Tulipolijaza tangi kwa majaribio, ufa ukajitokeza upande wa ziwa, mwembamba kama unywele, mrefu kunizidi kimo, nao ulikuwa unatoa jasho.

Hapo nikafanya kosa la pili, na hilo ndilo lililonizeesha. Niliwakusanya mafundi wote, nikatangaza kwamba Wakhisi alipunja simiti. Nilijua hakupunja. Mifuko niliihakiki mwenyewe, mmoja mmoja. Nikamfukuza mbele ya watu aliowafundisha kazi, kisha nikaandika barua iliyomtangulia kila mjengo kutoka hapa hadi Kericho. Yeye alifunga vifaa vyake ndani ya gunia, gunia lilelile nililoliona haya, akaniambia neno moja: "Naenda. Lakini usiyamwage hayo maji. Liache linywe."

Sikuyamwaga. Msinisifu, sikuwa na jingine la kufanya. Kila asubuhi nilikwenda kuutazama ufa ule kama mtu anayetazama kidonda chake. Wiki ya kwanza jasho lilikuwa jasho. Wiki ya tatu ulibaki unyevu tu. Wiki ya sita nilipitisha kidole, pakavu, na palipokuwa na ufa palikuwa na mstari mweupe, mgumu kama mfupa.

Ulijiponyaje? Ndani ya zege hubaki chembe za simiti ambazo hazikupata maji ya kuzitosha. Maji yakipenya kwenye ufa huziamsha, nazo hukomaa papo hapo, wakati chokaa iliyomo inayeyuka, inasogea hadi mdomoni mwa ufa, na kuganda. Lakini sikilizeni vizuri, msije mkavunja nyumba za watu: ufa uwe mwembamba, utulie, na maji yasikatike. Ufa unaoingia kidole hauna dawa hiyo. Mimi niliyasoma hayo chuoni. Wakhisi aliyajua kwa kuyaona.

Basi nikaandika katika ripoti: "Ufa umezibwa chini ya usimamizi wangu." Hakuna mkono uliouziba! Nikapandishwa cheo. Wakhisi akarudi kwao Awasi kuchimba vyoo vya watu.

Mwezi uliopita Mhandisi Kageha, huyu dada aliyekaa mstari wa pili, katika ukaguzi wa tangi alikata kipande cha ukuta palepale penye kovu. Alikisukumia maji kwa nguvu siku tatu, hata tone halikupita. Akakiweka kwenye mashine ya kuponda. Akanieleza bila kunipamba kwamba penye kovu nguvu haikurudi yote, ila kipande chenyewe kilibeba mzigo kuliko tulivyodai katika kandarasi. Nilimuuliza, "Simiti je?" Akasema, "Mzee, simiti ilikuwa kamili. Nani alichanganya hii kazi? Alikuwa hodari."

Kesho yake nilimwambia Perez anipeleke Awasi.

Nilimkuta Wakhisi uani anapura mtama. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti, lakini magoti yangu yalikataa, ikabidi yeye ndiye anishike nisianguke. Nikamweleza yote. Nikamwambia nitamwandikia barua nyingine ya kufuta ile. Akasema, "Hapana, Mzee. Barua nitamsomea nani? Wewe hukunifukuza kwa barua. Ulinifukuza mbele ya mafundi. Nenda ukaseme mbele ya mafundi."

Mafundi wa Kisumu, kwa hiyo nimekuja. Magunia niliyavua mimi. Ufa niliuleta mimi. Simiti haikupunjwa. Mama Seline, nakuona pale unavyotikisa kichwa. Ulijua tangu siku ile, na kila ulipokutana nami sokoni ulinisalimu "Jaduong'", yaani Mzee, kwa heshima iliyoniunguza.

Mwenyekiti, mlitaka kuiita karakana hii kwa jina langu. Asubuhi ya leo, kwa idhini yako, Bwana Abeid mchora vibao amelifuta jina hilo na kuandika jingine. Mheshimiwa, ukiondoa kitambaa kilichofunika kibao, kishike kwa ncha, rangi bado mbichi.

Fundi Wakhisi, najua umekaa nyuma kabisa karibu na mlango, maana uliniambia ukisikia uongo hata mmoja utatoka. Hujatoka. Basi pokea neno nililokunyima siku ile tulipolijaza tangi, neno ambalo mkaguzi humwambia fundi akimaliza kazi: nimekagua, kazi yako ni safi.

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Perez, mwanangu, niletee maji ya kunywa. Ya bomba hilo hapo, yanatoka tangini.