Mkataba wa Sola Niliosema Nimeuelewa

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, nawasalimu wote. Mwenyekiti wenu ameniita mgeni rasmi, lakini mgeni rasmi huja na hotuba, mimi nimekuja na aibu yangu. Nimetoka nayo Iramba mpaka hapa Mkalama kwa sababu nimesikia wiki ijayo mnasaini mkataba wa umeme wa jua kwa ajili ya mashine yenu ya kukamua alizeti. Nikasema, hawa lazima wanisikie kabla hawajashika kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hesabu darasa la tatu na la nne miaka mingi, na mnajua mwalimu kijijini ni nani. Barua ya hospitali analetewa yeye, ya mahakama analetewa yeye, hata maandishi ya kwenye dawa ya ng'ombe. Niseme ukweli, nilipenda. Mtu akinipa karatasi, miwani nilikuwa naivaa taratibu ili anione.

Kampuni ya sola ilipofika kwetu, sisi wa kikundi cha kukamua mafuta tulifurahi kuliko wote. Injini yetu ya dizeli ilitutesa kwa moshi, na dizeli yenyewe tunaifuata mbali. Wakatuletea mkataba, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu. Wenzangu wakanisogezea: "Mwalimu, tusomee."

Nikakaa na mkataba huo nyumbani siku tatu. Ndugu zangu, nawaambia, siku tatu zile nilizeeka. Kamusi nilikuwa nayo, lakini neno moja moja nalijua, sentensi nzima inanikimbia. Mke wangu alinikuta nimeinama mezani, akasema, "Mwalimu, kama hujaelewa si uwaambie tu wenzako?" Nikamwambia alete chai. Naona mama yule kule anacheka, nadhani na yeye ana mume. Kipengele kimoja tu nilikielewa vizuri, kile kilichosema mkataba ni siri kati ya kampuni na viongozi wa kikundi. Hicho nilikipenda, maana kilinipa pa kujifichia. Siku ya nne nikasimama mbele ya kikundi: "Nimeusoma, nimeuelewa, uko sawa. Mengine ni siri." Wakafurahi. Tukasaini, na injini ya dizeli tukaiuza kwa mtu wa Itigi.

Taa ziliwaka, sikatai. Zahanati ikapata mwanga, watu wakachajia simu nyumbani kwao. Kisha alizeti ikavunwa, magunia yakajaa ghalani mpaka mlangoni. Tukawasha mashine. Ikazunguka kidogo, umeme ukakatika. Tukawasha tena, ukakatika tena. Fundi wa kampuni akaja, akakagua, akasema bila ubaya wowote, "Mkataba wenu ni wa taa na simu. Mashine haimo. Mwalimu, si uliusoma?"

Akina mama wote wakanigeukia. Kutoelewa si dhambi, jamani. Dhambi yangu ni nililolijibu pale: "Niliusoma vizuri. Hawa wamebadilisha."

Uongo ule haukuhitaji siku mbili kuzunguka kijiji. Alizeti yetu tukaiuza mbegu hivyohivyo, mnunuzi ndiye akapanga bei, mafuta hatukupata wala mashudu ya mifugo. Mjane mmoja wa kikundi chetu, aliyekuwa anasomesha binti zake kwa mafuta yale, alikuja nyumbani kunipa pole. Kunipa pole mimi! "Wamekuonea, Mwalimu," akasema. Nilishindwa kumtazama usoni.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji, ajenda moja, paneli zing'olewe. Watu walikuja na hasira, vijana wengine wameshika nyundo. Mwenyekiti akasema anayetaka ziondoke anyooshe mkono. Mikono ikanyooka kila upande. Mkono wa mke wangu ulibaki mapajani, naye ananitazama. Hakunitazama kwa ukali, alikuwa ananionea huruma, na ile huruma niliiogopa kuliko nyundo. Nikafikiria zahanati inarudi gizani kwa ajili ya kiburi changu. Nikasimama.

"Hawakubadilisha kitu," nikasema. "Mkataba sikuuelewa, nikaona haya kusema. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Watu wakaguna. Mmoja akanitukana, na nilistahili. Kisha yule mjane akasema, "Basi usomwe hapahapa, tusikie wote. Siri gani tena hii?"

Tukaipigia kampuni. Wakasema usomwe tu, wao walidhani tulishausoma. Kazi ikachukua siku mbili. Muuguzi wa zahanati, binti anayejua Kiingereza cha kweli, anasoma kipengele na kukieleza kwa Kiswahili. Bibi mmoja anakigeuza Kinyiramba. Halafu anainuliwa mtu yeyote arudie alichosikia, na akikosea tunaanza upya. Ndipo tukagundua kuwa mashine inaruhusiwa, ila lazima kikundi kiombe kwa maandishi. Hatukuwa tumeomba! Tukakuta pia kampuni inaweza kupandisha bei bila kutuambia, na fundi mwenyewe akasema hilo hakulijua.

Tukakaa na kampuni upya. Leo mkataba uko kwa Kiswahili, umebandikwa ukutani ghalani, na mashine inakamua jua likiwa kali. Lakini msimu ule haukurudi. Binti za yule mjane walikaa nyumbani muhula mzima, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Namshukuru mke wangu, muuguzi, na bibi yetu mkalimani. Zaidi namshukuru yule mjane, ambaye bado ananiletea barua zake nimsomee. Nisipoelewa namwambia, tunampelekea muuguzi pamoja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeyaona. Umeme wa jua ni mzuri, uchukueni, lakini mkataba wake usomwe mpaka bibi wa mwisho aweze kuurudia kwa lugha yake.

Sasa wewe katibu, mwanangu. Tangu nimeanza kuongea naona umeukumbatia huo mkataba kwa mikono miwili. Sikuulizi kama umeusoma. Nakuuliza mbele ya watu wako hawa, umeuelewa? Ukisema hapana, mimi nitakuwa wa kwanza kuja hapo kukupa mkono.