Tundu Katikati ya Bendera

Usiku ule tulisikia kishindo kimoja tu: pu! Mti uliingia ardhini. Hakuna aliyetoka kutazama. Mwaka ule wa vita, mlio wa usiku uliachiwa mwenyewe. Asubuhi tukaikuta bendera juu ya mti huo, njia panda ya Mtawanya, mbele ya baraza ya Habibu muuza kahawa: shuka nyekundu ya rangi ya gome la mkoko, na tundu moja katikati. Tukakaa kuibishania kama kawaida yetu. Askari wa Mdachi walikuwa wamelala kijiji cha pili, na leo ilikuwa zamu yetu. Wakiikuta bendera ya vita, watachoma ghala za mpunga. Tukiing'oa nayo ni ya vita, wenye vita watatuita wasaliti. Ilitubidi tujue ni ya nani.

— Ya Sultani hiyo, alisema Seleman, tuliyemwita Kasri kwa kuwa aliwahi kufika Unguja mara moja. Nyekundu vile vile. Nimeziona kwa macho yangu.

— Na tundu je? aliuliza Bashiru, mfyekaji wetu, jina lake Panga.

— Tundu ni mwezi.

— Mwezi! Kasri, weye ulifika Unguja au ulilala chomboni?

— Maana yake Sultani anarudi, Mdachi anafungasha.

— Basi kawaambie askari, wacheke kwanza ndipo wakufunge kamba.

Mtoro akakohoa. Huyu ndiye aliyetugawia maji ya dawa, nasi tulimwita Mwiko kwa wingi wa makatazo yake.

— Ni ya dawa. Tundu hilo ni jicho. Askari akilitazama, anapofuka.

— Mie limenitazama tangu alfajiri, mbona naona? aliuliza Bashiru.

— Weye si askari.

— Na mbuzi wa Fatu? Yuko chini yake, anakula tu.

— Mbuzi ana bunduki?

Tukacheka. Habibu hakucheka. Alinimiminia kahawa ikafurika, ikaniunguza kidole, naye akazidi kumimina.

Vijana wetu waliondoka kwenda vitani na mabua ya mtama kichwani, na maji ya Mtoro vifuani. Walirudi wachache. Wasiorudi hatukuwataja. Mtoro alisema dawa haikosei: aliyekufa amevunja mwiko, amelala na mwanamke au ameiba kuku, na kumtaja ni kuwaharibia dawa walio hai. Basi hapakuwa na matanga wala hitima. Mama zao walitwanga, wakanyamaza, wakatwanga.

— Maneno basi, alisema Bashiru, akainuka na panga lake. Naukata mti.

— Na wenye vita?

— Wenye vita kesho, Kasri. Askari leo.

Ndipo akatokea mpita njia, mkeka begani. Alisalimu, akasema anaitwa Khamis, ametoka Maparoni. Alinyoosha mkono apokee kikombe, akaiona bendera, akaurudisha. Akaiendea. Akapitisha kidole kwenye tundu. Kingo zake zilikuwa zimeungua.

— Risasi, alisema.

— Risasi hugeuka maji! Mtoro alifoka.

Khamis hakubishana naye.

— Kwetu, mtu akipotelea mtoni na mwili usipatikane, nguo yake husimamishwa njiani, ajue pa kurudia. Poleni, jamaa. Nani wenu huyu?

Kasri alitazama ndani ya kikombe. Panga la Bashiru lilishuka lenyewe. Upande wa barabara, mbali, tarumbeta ililia.

Dele la kahawa la Habibu lilikuwa tupu, naye bado ameliinamisha juu ya kikombe changu.

— Kaka, usiseme, Mtoro alimnong'oneza, na sasa alikuwa anasihi. Utawaua waliobaki.

Habibu akaliweka dele chini.

— Husseini, alisema. Mwanangu, Husseini.