Alama Moja Ukurasa wa Sita

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha kinyozi. Pembeni yake ndipo nilipo mimi, birika na makaa yangu. Wanaolikalia ni walewale. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye jua likiwa kali wateja humkimbia na maneno humjaa. Kuna fundi redio tunayemwita Mawimbi, kwa sababu kila jambo duniani, hata ndoa iliyovunjika, yeye anasema ni mawimbi. Na kuna Mzee Faili, aliyetunza majalada ofisini miaka thelathini akastaafu yeye, ila mdomo wake bado uko kazini. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kumjua mtu anayeongea asichokijua hakuhitaji cheti. Jana, saa nane mchana, wakiwa wamekaa hapo watatu, akaja mjukuu wangu na karatasi mkononi. Nikamsogezea kikombe. Hakukigusa, na hakukaa.

Huyu mtoto anasoma chuo, mambo ya kutengeneza filamu na kuandika vichekesho. Ndiyo, kuna watu wanafundishwa kuchekesha, na wanatungiwa mtihani. Darasani kwao kila mwanafunzi anasoma kichekesho chake mbele ya wenzake. Mwalimu anakaa nyuma na penseli. Hacheki, hasemi. Kila darasa likicheka anapiga alama pembeni ya mstari. Mwisho anakurudishia karatasi zako, na wewe unaandika ukurasa mmoja wa kujieleza: kwa nini walicheka pale zilipo alama. Huo ukurasa ulitakiwa jana ileile, saa kumi. Asiyeupeleka anaondolewa kwenye vichekesho, anahamishiwa darasa la kupiga chapa.

Tatizo ni kwamba kichekesho chenyewe kilikuwa cha benchi zima. Wiki tatu wamekaa hapa wanamtungia, kila mtu na kipande chake, wanacheka wao wenyewe mpaka wanamwaga kahawa yangu.

— Haya, tupe habari — Kinyozi akasema, akivuta shingo kama jogoo. — Alama ngapi?

— Moja.

— Moja kila ukurasa, si mbaya.

— Moja, mjomba. Kurasa nane, alama moja.

Hakuna aliyehuzunika. Niliwaona machoni, kila mmoja alikuwa anahesabu kwamba hiyo moja ni ya kwake.

— Hiyo ni pale kwenye mteja aliyenyolewa nusu, umeme ukakatika — Kinyozi akasema.

— Pale hawakucheka.

— Labda walicheka moyoni.

— Mwalimu hana alama ya moyoni, mjomba.

Mawimbi akajipangusa mdomo taratibu, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

— Basi ni yule wangu. Aliyerudisha redio kwa fundi, analalamika kwamba msomaji wa habari anamsema yeye.

— Pale mmoja alikohoa.

— Unaona. Kile kilikuwa kicheko, kimekosea njia.

— Alikuwa na mafua, anko.

— Na langu? — Mzee Faili akauliza. Lake lilikula kurasa mbili nzima: jalada linatafutwa na ofisi miaka kumi na moja, kumbe mtafutaji amelikalia kwenye kiti.

— Lako, babu, mwalimu aliandika pembeni: "Ndefu."

— Kwa hiyo nyie mnasubiri alama, mimi nimepewa neno — akasema, akapandisha miwani.

Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa anabonyeza kalamu, tik, tik, tik, mpaka nikatamani kuitia kwenye makaa. Akaenda mpaka kwenye nguzo ya umeme, akarudi. Akaenda tena.

— Iko wapi sasa hiyo alama? — nikamuuliza.

— Ukurasa wa sita.

— Ukurasa wa sita una nini?

Akanitazama, halafu akatazama karatasi.

— Nilikuwa nimepungukiwa, Bibi. Kazi ilitakiwa kurasa nane, mimi nilikuwa na saba. Nikaongeza kitu cha nyumbani.

— Soma.

Akasoma kwa haraka, kama anayetema dawa chungu:

— "Watu wamerudi kutoka makaburini. Nyumba imejaa, kila pembe mtu analia. Bibi mwenye nyumba anasimama mlangoni anawatazama, kisha anasema: Wenye machozi waje jikoni, vitunguu havijakatwa."

— Sasa hicho si kichekesho — Kinyozi akasema. — Hicho ni kitu kilichotokea. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimesimama pale kwenye pipa la maji.

Na mimi nilikuwepo. Niliyesema ni mimi. Ni siku tuliyomzika mwanangu, mama yake huyu mtoto, sasa miaka minne. Nyumba yangu ina vyumba viwili na jiko la uani, na siku hiyo waliingia watu sitini, wengine nawajua, wengine wamefuata kelele. Nilisema nilichosema, nikaenda jikoni. Sikujua kwamba kuna mtoto wa miaka kumi na sita ameshika daftari kichwani.

— Umemtia mama yako kwenye kichekesho — nikamwambia.

— Nimekutia wewe, Bibi. Mama sikumtaja.

— Kwa hiyo vilivyozikwa siku ile ni vitunguu.

Akaenda kwenye nguzo, akarudi.

— Nimeshachana karatasi tatu — akasema. — Naandika "walicheka kwa sababu", kalamu inagoma. Sijui kwa sababu gani. Sasa hivi ni saa nane na robo, kutoka hapa mpaka chuo ni nusu saa kwa miguu. Nisaidieni, nyie si ndio mlisema vichekesho mmevizaa.

Hapo ndipo alipokosea. Ukiliomba benchi letu msaada, utasaidiwa mpaka ujute.

— Ni nywele — Kinyozi akasema. — Niko kwenye kazi hii tangu sijaoa. Kichwa chenye nywele nyingi hakipitishi hewa. Mzaha unaingia, unakwama, unasubiri. Vijana wenu wana misitu kichwani. Ulipofika ukurasa wa sita vichwa vimejaa, vikafurika. Walichokicheka pale ni changu cha ukurasa wa kwanza.

— Hakuna nywele hapo — Mawimbi akasema. — Mwanangu, darasa lenu limeezekwa nini?

— Mabati.

— Bila dari?

— Bila dari.

— Basi imekwisha. Kicheko ni mawimbi, na bati linarudisha mawimbi. Kicheko cha ukurasa wa nne kilitoka vinywani vizuri, kikapanda, kikagonga bati, kikazunguka juu huko kinatafuta njia, kikashuka ukurasa wa sita. Ukurasa wa nne nani? Mimi. Andika: mabati.

— Kama ni kuchelewa, kilichochelewa zaidi ni changu — Kinyozi akasema.

— Chako kingeonekana kikipita.

— Wewe umeona kicheko kikipita lini?

— Mnaongea bila kumbukumbu — Mzee Faili akawakata. — Ofisini kwetu barua zilikuwa zinafika kila siku, ila zinaingia jalada la jirani. Hivyo vicheko vyote vilitoka. Swali ni vilipokelewa wapi. Ukuta wa pili ni darasa gani?

— La wauguzi, babu.

— Nenda ukaulize kama siku ile hawakucheka mbele ya mgonjwa bila sababu. Wamecheka. Kuna mgonjwa mahali amekasirika mpaka leo. Unamwandikia mwalimu barua, nakala tatu, unaomba alama zirudishwe darasa husika.

— Na mgonjwa? — Kinyozi akauliza.

— Anapewa nakala.

Mtoto wa watu alikuwa ameweka karatasi kwenye paja, mguu mmoja juu ya jiwe, na kwa macho yangu haya nikamwona ameandika "Mabati".

— Andika mabati — nikamwambia — ukaanze kupiga chapa kesho asubuhi.

Akaikunja ile karatasi akaitupa. Ya nne hiyo.

— Basi niambie wewe. Ni maneno yako. Yanachekesha nini?

— Kwani mimi nilikuwa nachekesha?

— Watu ishirini na saba walicheka, Bibi. Yule anayelala nyuma aliamka akauliza wanacheka nini. Na mimi niliyekuwa nasoma nilicheka, nikacheka mpaka nikashindwa kumalizia ukurasa, mwalimu akaniambia nikae kwanza nitulie, ndipo nimalizie.

— Ulishindwa kwa kucheka?

Alikwenda kwenye nguzo, na safari hii alikaa kule muda kidogo, ametugeuzia mgongo.

Ndipo akatokea mama mmoja, mwanamke wa makamo, mfuko begani, mwendo wa mtu aliyeshafanya uamuzi nyumbani. Mawimbi alipomwona akajaribu kujificha nyuma ya Mzee Faili, ambaye ni mwembamba kama ufagio.

— Shikamoo, mama — akaniamkia. — Nyie wengine habari zenu. Fundi, usihangaike, nimekuona tangu kona. Hii ni mara ya tatu. Leo nakaa hapa mpaka redio yangu iongee.

— Marahaba — nikasema. — Kaa, mwanangu. Hapa kila kitu kinaongea isipokuwa redio.

Akakaa. Nikampa kahawa. Mtu akikaa kwenye benchi letu haulizi, anaelezwa tu, kwa hiyo Kinyozi akamweleza yote, alama, mabati, ukurasa wa sita, maneno niliyosema mlangoni, na Mzee Faili akamsahihisha kila sentensi ya pili. Mjukuu wangu alikuwa amerudi, anatazama saa ya simu, anabonyeza kalamu. Saa nane na nusu.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Akanywa funda moja.

— Na hivyo vitunguu — akauliza — alivikata nani?

Wakatazamana.

— Si walikuwa watu wengi pale — Kinyozi akasema. — Mmoja aliingia.

— Nani?

— Mimi nilikuwa kwenye pipa.

— Hakuna aliyeingia — Mzee Faili akasema. Alisema polepole, si kwa ile sauti yake ya ofisi. — Nilikwenda kuomba maji ya kunywa. Nikakuta mlango wa jikoni umefungwa kwa ndani.

Wote wakanigeukia.

— Nilikata mimi — nikasema. — Kuna ajabu gani?

— Vyote? — mjukuu wangu akauliza. Kalamu ilikuwa imenyamaza.

— Kapu moja tu.

— Ndio mkapikia wageni — yule mama akasema, akitikisa kichwa, ameridhika.

— Hatukupika — mjukuu wangu akasema.

— Siku ile?

— Hatukupika kabisa. Chakula kilikuja kutoka kwa majirani, kimeshaiva. Kesho yake mimi ndiye niliyezungushwa nyumba hadi nyumba narudisha masufuria.

Yule mama akashusha kikombe. Hakuwa na ubaya wowote, ni mtu anayependa jambo likae sawa.

— Sasa, mama, vitunguu ulikuwa unakata vya nini?

Kinyozi aliangalia ndani ya kikombe chake. Mawimbi alitoa bisibisi mfukoni akairudisha. Mzee Faili alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, na miwani yenyewe ilikuwa safi.

— Vilikuwa vinataka kuoza — nikasema.

— Vililetwa asubuhi ile, Bibi. Nilivipokea mimi mlangoni.

Makaa yalikuwa yanahitaji kupulizwa. Nikainama nikayapuliza, nikachukua muda wangu, maana makaa ya jana yalikuwa na unyevu.

Nilipoinua kichwa, mtoto alikuwa amekaa. Amekaa kwenye benchi, mwisho kule, karatasi ya tano juu ya goti, anaandika. Hakuinuka kwenda popote. Hakutazama saa. Alikuwa anaandika kama anayefukuzwa, anafuta kwa kidole, anaandika juu ya alipofuta, na mara moja akatoa kicheko kifupi puani, akaendelea. Kinyozi akafungua mdomo kutaka kujua kama ametajwa. Nikamtazama tu. Akaufunga.

Yule mama akanisogezea kikombe nimwongeze. Nikamwongezea. Hakuuliza kitu kingine, na mimi nikampenda kwa hilo.

Saa tisa na robo mtoto akasimama. Ule ukurasa ulikuwa umejaa mpaka chini, na mistari miwili imepanda pembeni kwa kukosa nafasi. Akaukunja mara moja, akaukunjua.

— Bibi, nikusomee kwanza?

— Unisomee nini, na mimi nilikuwepo. Nenda, utachelewa.