Springi Moja Upande wa Bi Tamae

Wasikilizaji wapendwa, mimineni chai, kaeni karibu. Leo hapa mjini kwetu Kiryu tunamkumbuka Bwana Katsuhiko Muranishi, wa nyuma ya lile bafu la umma la zamani. Amefariki akiwa na miaka sitini na saba. Ibada yake ya siku ya arobaini na tisa, ile ya kufunga matanga, ilifanyika Jumapili iliyopita. Nakiri mapema kwamba nazungumza nikiwa na hasira. Nilimpenda sana, lakini alikuwa mbishi, mbishi kupita kiasi.

Hata kama hamkumjua yeye, gari lake mlilijua. Lile jeupe, la milango minne, lililoshushwa hadi tumbo linakaribia kulamba lami. Alilishusha akiwa kijana, na springi zilezile zikabaki humo mpaka zikachoka. Shokapu nazo, zile za kumeza mitikisiko, zikafa. Kila shimo barabarani lilipanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa aliyeketi.

Na mgongo uliokuwa mbovu ni wa mkewe, Bi Tamae. Alisimama kwenye mashine za kufuma miaka thelathini. Kwa hiyo kwa miaka kumi na miwili Bi Tamae hakupanda gari la mumewe. Alipanda basi. Mumewe alilifuata basi kwa nyuma, polepole, akiwa amembebea mfuko wake kwenye kiti cha kushoto. Mnacheka. Bi Tamae hakuwa akicheka.

"Badilisha springi," alimwambia.

"Mpya zitaliinua vidole viwili. Nitaonekana nimepanda kitanda."

"Basi mfuko wangu uendelee kula raha."

Rafiki yake, Bwana Okabe, fundi mstaafu, naye alimsema. "Katsu, shokapu zako zimekufa siku nyingi. Hapo unachofanya ni matanga tu."

"Hazijafa. Zinalalamika, kama watu fulani."

Sasa, wasikilizaji, mnajua ukaguzi wa gari wa kila miaka miwili. Tumbo la gari lisishuke chini ya sentimita tisa toka ardhini. Wengi wenye magari ya namna hii mnajua mnachofanya, msinitazame mimi. Kila ukaguzi ulipofika, Alhamisi Bwana Muranishi alifunga springi ndefu alizoazima kwa mtu, na shokapu zake. Ijumaa alipita ukaguzi. Jumapili alirudisha zile zilizochoka. Jumamosi ya katikati, gari likiwa juu na laini, Bi Tamae alipanda. Walikwenda kwenye makaburi ya wazazi wake, kisha wakala tambi pana za moto. Jumamosi moja kila miaka miwili. Kwa miaka kumi na miwili, Jumamosi sita.

"Nilizihesabu," Bi Tamae aliniambia. "Kwa nini nisizihesabu?"

Mwaka jana mwezi wa kumi, basi la kwenda kliniki lilifutwa. Bi Tamae alikwenda kwa miguu, akirudi ameshika kuta. Mumewe alimwona akikata kona kwa namna ile. Wiki iliyofuata yakaja maboksi mawili: springi nne mpya, shokapu nne mpya. Akatandika turubai, akapiga jeki.

"Jumamosi tunakwenda kliniki na gari," akasema.

Kushoto mbele kulifunguka kwa asubuhi moja, springi na shokapu mpya zikaingia. Kulia mbele, bolti ya chini ilikuwa imeshikana kwa kutu. Alimwaga mafuta. Alipiga nyundo. Aliongeza bomba kwenye mpini wa spana, spana ikapasuka. Jumamosi ikafika, Bi Tamae akakaa mlangoni amevaa koti, mfuko mapajani. Bolti haikusogea. Jumamosi ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo.

"Peleka gereji," Okabe alimwambia. "Watapasha moto, nusu saa imetoka."

"Gari hili halijawahi kuguswa na mkono mwingine."

"Sikio la kufa, wewe."

Bwana Okabe anajuta kusema neno hilo. Asubuhi ya Ijumaa ya nne Bi Tamae alitoka na chai, akamkuta mumewe ameegemea tairi, spana mkononi. Moyo ulikuwa umesimama.

Jumapili, siku ya ibada, Bi Tamae alitaka kwenda kaburini na gari lilelile. Okabe alikuwa amerudisha tairi. Pembe ya kushoto mbele ilikuwa juu vidole viwili, gari limeinua nyusi moja.

"Shemeji, springi hufungwa jozi," akamsihi. "Hata yeye alijua. Nipe siku moja nimalize."

"Nimesubiri miaka kumi na miwili, Bwana Okabe. Leo sisubiri bolti. Endesha polepole."

Alikuwa amepanga maneno ya kwenda kumgombeza mumewe, makali, moja baada ya jingine. Wakafika kwenye reli. Nyuma kukagonga, mara mbili. Upande wa Okabe ukagonga. Chini ya kiti cha Bi Tamae, kimya.

"Nikasahau maneno yote," aliniambia. "Nimezidi kukasirika."

Bi Tamae, pole sana. Bwana Okabe, pole nawe. Sisi wa kituo hiki tunaomboleza nanyi. Nanyi wasikilizaji, nani nyumbani kwenu anakaa mlangoni amevaa koti? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa iliumiza mgongo. Mwenye bolti iliyokwama aipeleke gereji leo, aibu ataimeza baadaye.

Nilimuuliza Bi Tamae nimalizie kwa maneno gani. Alifikiri kidogo.

"Sema alichelewa," akasema. "Halafu useme alianza na upande wangu."