Mama Majiko na Sahani ya Pili

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Majiko, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, nyuma ya duka la vipuri la baba, umeme ukiwa umekatika. Mama alisema alilia kama mteja aliyepunjwa.

Alimaliza sekondari mwaka 1990 na shahada ya biolojia mwaka 1995. Darasani maswali yalimtoka mfululizo, hadi mwalimu wa sayansi akamsihi, "Mwanangu, mengine niachie ya kesho."

Mwaka 1996 aliajiriwa katika maabara ya misuli ya chuo, chumba cha mwisho wa korido, friji ikinguruma mlangoni. Huko alichunguza mitokondria, majiko madogo ndani ya seli yanayoupa msuli nguvu. Alichunguza pia vipokezi vya kanabinoidi, ambavyo ni kama vitasa: kemikali za bangi huvifungua, na mwili nao una funguo zake wenyewe. Swali lake lilikuwa moja: kitasa kikizibwa, msuli utaongeza majiko? Kwa panya dalili zilishaonekana. Yeye alitaka kuona kwa binadamu. Jina la Majiko lilimkaa hadi jirani akamletea jiko la mafuta ya taa: "Mama, langu halishiki moto." Alilitengeneza, tena papo hapo.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1998 na mwalimu wa hesabu. Wakwe walipokuja kujitambulisha, shangazi wa bwana harusi hakuzunguka: "Tumesikia binti yenu kazi yake ni bangi."

"Shangazi, hata mwili wako unatengeneza kitu cha jamii hiyo," alijibu marehemu.

"Mwili wangu? Mimi hata sigara sijawahi kushika!"

Sebule nzima ilicheka, na mazungumzo yakawa mepesi. Huyo shangazi ndiye aliyekuja kuwa rafiki yake mkubwa ukweni.

Mwaka 2019 misuli yake mwenyewe ilianza kugoma. Kwanza ngazi, kisha kikombe cha chai. Madaktari walisema ni ugonjwa wa mitokondria. Sisi tulihangaikia dawa. Yeye alitoa kipande kidogo cha msuli wa paja lake, seli zikaoteshwa maabara kwenye sahani ndogo ya kioo. Tarehe 3 Februari 2023 tulimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye darubini. Vitasa vilikuwa vimezibwa kwa dawa, majiko yamepakwa rangi ya kung'aa. Akapiga kelele korido nzima ikasikia:

"Kaka, yameongezeka! Njoo uone, yanawaka!"

Mimi, niliyerithi duka la baba, nikamuuliza dawa hiyo inapatikana wapi.

"Tulia, mfanyabiashara. Hii ni sahani, si mtu. Mimi haitaniwahi. Halafu sahani moja si jibu. Rudieni, msije mkaniamini kwa kuwa nimekufa."

Alifariki tarehe 21 Februari, asubuhi, nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono. Swali lake la mwisho lilikuwa kuhusu sahani ya pili. Ilikuwa bado haijawa tayari.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, mama mzazi, kaka wawili, shangazi yule asiyevuta, na seli za paja lake, ambazo hadi leo ziko hai.

Na sasa jibu. Jana mchana mwenzake wa maabara alipiga simu, akashindwa hata kusalimia: "Ya pili nayo imewaka!"

Umesikia, dada? Imewaka. Wataendelea na ya tatu, kama ulivyotaka. Wewe sasa pumzika kwa amani.