Betri Ndani ya Sufuria

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, na mbele yake jiko la Shangazi anayeuza kahawa. Hapo hukaa Kinyozi mwenyewe akikosa kichwa cha kunyoa, na Breki, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana breki. Mimi huitwa Fundi: nayeyusha alumini chakavu, namimina kwenye kalibu za mchanga, zinatoka sufuria. Asubuhi ile nilikwenda na hofu, na sababu yake naiandika hapa kwa kuwa Mungu ameshaiona. Mwaka jana alumini ilinipungukia, nikatupia tanurini vichwa vya betri za magari, ambavyo ni madini ya risasi. Nilijua ni sumu. Aliyenifundisha kazi alinikataza akininyooshea kidole. Zikatoka sufuria ishirini na nne. Nilipokwenda kusali, mwanangu akaja akachukua moja, akampelekea mkewe. Nikanyamaza, maana ningesema airudishe ningeulizwa kwa nini. Sasa mkwe wangu ana mimba ya miezi sita, na jana nesi wa kliniki alimwuliza anapikia chombo gani.

— Hebu nisaidieni, nikasema. Nina rafiki yangu, nyumbani kwake kuna mjamzito. Chombo gani ni salama jikoni?

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa siku, na jua halijapanda.

— Alumini mwambie asiiguse, akasema Kinyozi. Inakula akili. Babu yangu alipikiwa kwa alumini maisha yake yote, akafa hakumbuki jina la mkewe.

— Babu yako alikuwa na wake watatu, akasema Shangazi. Hata mimi ningesahau.

— Cheka tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Sufuria iko nguoni mwa nani, we mtu?

Breki akaweka kikombe chini.

— Alumini si kitu. Ogopeni vile vikaango vyeusi visivyoshika chakula. Mke wa bosi wangu alisahau kimoja motoni kikiwa kitupu. Moshi kidogo tu, kasuku wao huyo, chali tunduni, miguu juu! Na alikuwa kasuku mwenye maneno kuliko mimi.

— Basi hakufa kwa moshi, akasema Shangazi. Alijichosha.

— Sasa stili je? nikauliza haraka.

— Stili ndiyo, akasema Shangazi. Haibishani na ndimu wala nyanya. Ila anunue yenye kitako kizito, nyepesi inaunguza katikati huku pembeni kubichi.

— Stili inavuta radi! akasema Kinyozi.

— Radi ishuke toka mbinguni kufuata mchuzi wangu?

— Maji ya moto hayachomi nyumba, Shangazi, lakini radi inachoma. Bora chungu cha udongo. Na hicho nacho kina mambo yake. Kinakumbuka. Ukipika una hasira leo, kesho watu wanagombana mezani na hakuna anayejua kisa.

— Mimi nanunua kwa sikio, akasema Breki. Naigonga. Debe tupu haliachi kuvuma, kwa hiyo chombo kizuri ni kile kinachovuma.

— Hapo umejisifu mwenyewe, akasema Shangazi.

— Sikilizeni, bwana! Sufuria bubu ina kitu inaficha. Nasikia kuna mafundi wanayeyusha hata vyuma vya makaburini. Aliyefanya hivyo, maiti anamfuata mpaka jikoni, anakaa pale pale kwenye mafiga, anamtazama.

Wakacheka. Mimi nikainamia kikombe changu. Huyo maiti nilimwona kabisa, na alikuwa mdogo sana.

— Fundi, mbona umekauka? akasema Kinyozi. Kazi si yako hii? Mwambie rafiki yako ukweli.

Nikaomba moyoni: Mola wangu, nitoe hapa. Akanitoa, ila si kwa mlango nilioutaka. Mkwe wangu alikuwa anavuka barabara polepole, mkono mmoja kiunoni, wa pili umebeba sufuria iliyofungwa kitambaa.

— Shikamoo baba. Shikamooni wote.

— Marahaba, mwanangu.

— Nesi kasema nimwulize aliyeitengeneza. Kasema sufuria za kuyeyusha zinategemea kilichoingia ndani yake. Tena nikipika nyanya humu, chini panachubuka. Nikamwambia aliyeitengeneza ni baba yangu, sina wasiwasi.

— Wala usiwe nao, binti, akasema Breki. Fundi wetu ni mcha Mungu. Yaani huyu...

— Ina betri, nikasema.

— Ina nini? akasema Breki.

— Vichwa vya betri. Risasi. Nilitia kwa mkono wangu huu, nikijua. Usiipikie tena, mwanangu. Nenda ukapimwe damu leo leo. Na hakuna rafiki, jamani. Ni mimi.

Mkwe wangu akaiweka sufuria chini taratibu, kama inayoweza kuamka. Mikono yote miwili ikaenda tumboni. Hakulia. Ningependa anitukane.

— Mtoto je, baba?

— Sijui. Mungu anisamehe, sijui.

Shangazi alishamvutia kiti chake.

— Kaa, mwanangu. Kaa kwanza upumue. Ukipimwa mapema unasaidiwa mapema. Nakusindikiza mimi, huyu simwachii.

Kinyozi alikuwa ameifungua ile sufuria, ameipindua, anapapasa kitako kwa kidole gumba.

— Hizi nukta nne ni za nini?

— Ni alama. Kila nikiyeyusha mzigo mmoja nagonga nukta zake, ili sufuria ikija kupasuka nijue ni ya mzigo gani. Nne ndizo zile za betri.

Kinyozi akazihesabu zile nukta kwa kidole. Alibaki ameishika, midomo inacheza, kama mtu anayekumbuka kitu alichokiona nyumbani wakati wa kuosha vyombo.

Mkwe wangu akainua kichwa.

— Zilikuwa ngapi?

— Ishirini na nne.

— Na hizo nyingine, baba, ziko jikoni kwa nani?

Niliziuza sokoni siku mbili, kwa yeyote aliyesimama. Nilikumbuka mikono ikizigeuza geuza, ikizigonga. Uso hata mmoja haukunijia. Shangazi akanitazama. Breki, yule asiye na breki, akatazama viatu vyake.

Kinyozi akaiweka sufuria kwenye benchi, akasimama. Aliacha mlango wa duka wazi na wembe mezani, akashika njia ya nyumbani kwake, akitembea kama mtu ambaye hataki ionekane kwamba anakimbia.