Yupi Kivuli?

Redio ya basi ilisema wataalamu wanakaribia kutengeneza mtu kutokana na mtu mwingine. Dereva akaizima, lakini ubishi ulishadandia.

Mbele yangu alikaa jamaa mwenye duka la kutoa vivuli vya vyeti, amepakata rimu ya karatasi, mguu ukichezacheza tangu tulipoondoka. Alishamweleza mama wa pembeni yake kwamba duka lake liko kituo cha mwisho na mashine yake ya fotokopi haina mpinzani.

"Mtu huyo wa kutengenezwa hana roho, mama," alisema. "Mungu alipulizia orijino tu. Hata kwangu, kivuli hakipigwi muhuri bila orijino kuonekana."

Sikujua kama mbinguni nako kuna foleni ya mihuri.

Mama alikuwa akiukunja na kuukunjua mtandio wake. "Nilizaa mapacha wa kufanana, kaka. Daktari alisema ni yai moja lililogawanyika. Yupi kivuli?"

"Hao ni kazi ya Mungu."

"Yai moja, kaka. Yupi?"

"Haya, aliyetangulia kutoka ndiye orijino," alijibu, kama mtu anayefukuza nzi.

"Aliyetangulia tulimzika mwaka jana," mama alisema taratibu. "Aliyebaki hataki tena kujitazama kwenye kioo. Nikirudi nyumbani, nimwambie umesemaje?"

Mguu ulitulia. Basi liliposimama, yule jamaa aliikumbatia rimu yake, akashuka bila kuaga. Kituo cha mwisho kilikuwa bado mbali.